Maziwa Baadaye

Mimi ni mtu wa hasira. Nilizaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na mwanya, na watu wa Kitengela wanaonunua misumari na mabati dukani kwangu wameshaizoea. Kwa hiyo dada yangu mdogo, Seleyian, aliponipigia simu kuniambia kwamba Baba Mdogo Lesiamon ndiye atakayemtembeza kanisani siku ya harusi yake, nilimwuliza kama baba yetu amekufa bila mimi kuambiwa.

"Usianze, Soipan," akasema. Alikuwa analia. "Ni Papa mwenyewe amesema. Ati hawezi kuja kuniaibisha mbele ya wakwe."

Nilifunga duka mchana kweupe, nikawaacha mafundi wawili wamesimama nje na toroli lao, nikashika njia ya Bisil.

Ili mnielewe, lazima mumjue baba yetu kwanza. Mzee Parmuat alikuwa dalali wa ng'ombe soko la Bisil tangu mimi sijaanza shule. Alikuwa anasimama pale langoni, mguu mmoja juu ya ubao wa chini, akitaja bei kwa sauti ambayo ililetea watu wa upande wa pili wa barabara hamu ya kununua fahali wasiyemhitaji. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeingiliwa na ugonjwa wa Parkinson. Ulianza na kidole gumba cha mkono wa kulia, kikawa kinazunguka juu ya kidole cha shahada kana kwamba anasaga ugoro. Baadaye ukaenda kwenye miguu. Alikuwa anasimama, anataka kwenda, na miguu inakataa kabisa, imeganda pale chini huku mwili wa juu ukitangulia. Mwisho ukamchukua sauti. Baba yangu akawa anazungumza kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Daktari wetu alikuwa Ndeti, mama wa Kikamba mwenye kliniki ya mishipa na ubongo Kajiado mjini, mpole lakini hapendi mchezo. Alimpa vidonge, akatuambia vitamsaidia. Vikamsaidia kama kijana aliyeajiriwa na mjomba wake: leo yuko kazini, kesho hayuko, na hakuna anayejua sababu. Daktari aliongeza kipimo, akapunguza, akabadilisha saa. Papa alibaki vilevile.

Halafu ukaja ule muujiza, na muujiza ndio uliomvunja moyo.

Kanisa letu lilikuwa limetangaza wiki ya kufunga na kuomba, kwa sababu ya kiangazi. Mchungaji wetu, Mureithi, alikuja mwenyewe nyumbani kumwekea Papa mikono. Papa alifunga pamoja na wengine. Mchana kutwa maji tu. Na katikati ya wiki ile, mbele ya macho ya mama yangu na majirani waliokuja kuchukua maji, mzee aliinuka kwenye kigoda, akatembea mpaka zizini, akamfungua ndama, akarudi akilalamika kwamba uzio umelegea na hakuna mtu anayeona. Jumapili yake alisimama kanisani akashuhudia. Watu walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia. Tulichinja mbuzi wa shukrani, maziwa yakamiminwa, wageni wakala wakashiba. Asubuhi iliyofuata Papa hakuweza kugeuka kitandani.

Angekuwa hajatembea kabisa, angevumilia. Lakini alipewa akanyang'anywa, tena baada ya kusimama mbele ya watu na kusema amepona. Aliamini kwamba ametenda jambo fulani baya ambalo hata yeye halikumbuki. Akaacha kwenda kanisani. Na sasa harusi ilikuwa inakaribia, naye amemwita ndugu yake Lesiamon akamwambia ashone suti.

Nilifika nyumbani nimejaa maneno. Nilikuta Papa ameketi kivulini ukutani, shuka imemteleza begani na hana namna ya kuirudisha. Nilimrekebishia.

"Papa, takwenya yangu hujaitikia," nikamtania, kwa maana hiyo ni salamu ya Kimaasai ya kusalimia wanawake, na yeye hajawahi kuniitikia tangu nizaliwe.

Mdomo wake ulijaribu kucheka. "Umekuja kupiga kelele," akanong'ona.

"Ndio. Lakini nangoja umeze dawa kwanza."

Ilikuwa saa ya dawa. Mama yetu, ambaye sote tunamwita Yeyo na kanisani anaitwa Mama Ruth, alitoka jikoni ameshika kibuyu. Kile kibuyu anakisafisha mwenyewe kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, hamruhusu mkaza mwana wala binti kukigusa. Alimimina maziwa kikombeni mpaka pomoni, akampa Papa kidonge kiganjani, akamshikilia kikombe kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa mpaka Papa alipomaliza. Niseme ukweli, ukimwona Yeyo akimnywesha mume wake dawa unaweza kutamani kuolewa tena.

Nilikuwa nimeona jambo hilo mara nyingi mno. Siku ile tu ndipo swali liliponitoka, na hata sikujua ninauliza nini.

"Yeyo, ile wiki ya kufunga, alikuwa anameza na nini?"

"Na maji." Alisema kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa. "Si tulikuwa tumefunga? Ningefanya nini? Niliona vibaya sana, mzee kama huyu kumezeshwa dawa na maji kama mgeni hajulikani ametoka wapi."

Nilikaa chini. Nilimtazama Papa, nikakitazama kikombe, nikasahau maneno yote niliyokuja nayo.

Kesho yake tulikuwa kwa daktari Ndeti, sote watatu. Nilimweleza haraka haraka, maneno yangu yakipandana. Alinisikiliza, kisha akamgeukia Yeyo.

"Mama, nilikuuliza kila mara mkija hapa. Nilisema, mzee anameza dawa tumbo likiwa tupu? Ukasema ndio."

"Na ni kweli," Yeyo akajibu, ameudhika. "Hajawahi kula chakula kabla ya dawa. Hata siku moja."

"Na maziwa?"

"Maziwa si chakula, daktari. Maziwa ni maziwa."

Daktari aliweka kalamu chini, akaegemea kiti, akaanza kucheka, na Mungu ni shahidi hakuwa anamcheka mama yangu. "Hapo nilikosa mimi," akasema. "Mimi ni Mkamba. Kwetu ungeniambia amekunywa uji ningejua ni chakula. Nilipaswa kuuliza maziwa kwa jina lake."

Kisha alivuta kiti mpaka karibu na Papa, akazungumza naye yeye, si sisi. Hilo nilimpendea.

"Mzee, uliuza ng'ombe Bisil miaka mingi. Lile lango la soko ni pana?"

"Ni jembamba," Papa akanong'ona. "Makusudi. Ndio wapite mmoja mmoja."

"Sasa ubongo nao uko na lango kama hilo. Dawa yangu lazima ipite hapo ndio iingie. Lakini maziwa na nyama ziko na protini, na protini ikivunjwa tumboni, vipande vyake vinapita lango hilohilo. Ukinywa kikombe kizima cha maziwa, ni kama kundi zima limefika kabla ya dawa. Dawa inabaki nje, inasukumwa, mpaka nguvu yake inaisha."

Papa alifikiri. Uso wake siku hizo haukuonyesha kitu, ugonjwa ulikuwa umeufunga, lakini macho yalikuwa ya dalali kabisa. "Na ikiingia?"

"Ikiingia, ubongo unaigeuza inakuwa dopamini. Hiyo ndiyo habari ambayo inaambia miguu, haya, twende. Mwili wako umepungukiwa kuitengeneza. Lakini ndani ya ubongo kuna mahali pa kuipokea habari hiyo, tunaita vipokezi, na vyako bado vipo. Vimekaa tu vinangoja. Ile wiki ya kufunga vilipata habari. Ndio maana ukamfungua ndama."

"Kwa hivyo haukuwa muujiza," Papa akasema.

Daktari Ndeti alimwangalia kwa upole. "Mzee, mimi nasomea ubongo mpaka leo na bado unanishangaza. Nachosema ni kwamba hukufanya kosa lolote. Hakuna mtu alikunyang'anya kitu."

Baba yangu aligeuza uso ukutani. Yeyo alikuwa analia bila sauti, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mnadhani mambo yaliisha hapo? Hamjamjua mama yangu. Maagizo yalikuwa mepesi: dawa kwa maji, mapema, kabla ya kitu kingine chochote, maziwa baadaye, dawa ikishapita, nyama iwe ya jioni. Yeyo aliyasikia yote akayaitikia. Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye kibuyu chake.

"Yeyo!"

"Kidogo tu. Ya kusukuma."

"Kidogo tu ndiyo imemlaza miaka hii yote!"

Nilipaza sauti, na ningalitaka kuirudisha mdomoni. Yeyo alisimama wima. "Nimempa huyu mtu maziwa tangu niletwe hapa nikiwa msichana," akasema. "Wakati wa ukame, wakati ng'ombe wote wameenda upande wa Loitokitok, nilitembea mpaka kwa majirani nikamtafutia. Sasa unaniambia mimi ndio nimemfunga miguu?"

Papa ndiye aliyejibu. Alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akachukua kikombe cha maji kilichokuwa mezani, nusu ikamwagikia shuka, akameza kidonge chake mwenyewe. "Ruth," akanong'ona, "hayo maziwa niwekee. Nitayataka."

Na akayataka kweli, maana muda si mrefu aliinuka kuyafuata jikoni mwenyewe.

Sitasema kwamba alipona. Parkinson haiponi, na daktari hakutudanganya. Kulikuwa na siku nzuri na siku mbaya, na kidole gumba kiliendelea kusaga ugoro wake. Lakini siku nzuri zikawa nyingi, na tulijua sababu. Baba Mdogo Lesiamon, ambaye ana roho safi na masikio mazito kwa ushauri, alileta unga wa maharagwe ya upupu aliouziwa mjini, ati ni dawa ya asili isiyo na kemikali. Nilimpigia daktari. Akasema upupu kweli una kitu kilekile kilichomo ndani ya kidonge, na kwa sababu hiyo hasa Papa asiuguse, kwani hakuna anayejua kijiko kimoja kina kiasi gani, na atajikuta amemeza dawa mara mbili. Lesiamon alisikitika. Nilimwambia akaupake unga wake kwenye suti mpya.

Kwa maana suti alikuwa ameshashona. Na Papa bado alikuwa anasema Lesiamon ndiye atavaa na kumtembeza bibi harusi.

"Nilisimama kanisani mara moja nikasema nimepona," aliniambia. "Kesho yake nikabebwa kama gunia. Sitawapa watu kitu cha kuangalia mara ya pili."

Nilimsihi, nikamgombeza, nikashindwa. Seleyian ndiye aliyemweza. Alikuja na bwana harusi wake, Saruni, kijana mtulivu anayefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Namanga, akaketi chini miguuni pa Papa. "Papa," akasema, "mimi sitaki mtu wa kutembea vizuri. Baba Mdogo anatembea vizuri, na si yeye alinizaa. Ukiganda katikati ya kanisa, nitasimama na wewe hapo mpaka uganduke. Saruni atangoja. Si utangoja?"

"Nitangoja mpaka jioni, mzee," Saruni akasema.

Papa alikubali, kwa sharti kwamba Lesiamon akae kiti cha mbele na suti yake, tayari.

Asubuhi ya harusi boma lilijaa alfajiri. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna adui mkubwa wa dawa ile kama harusi ya Kimaasai. Kila gari lililofika lilishusha vibuyu. Shangazi kutoka Namanga na kibuyu, majirani na dumu, wenzake wa rika na supu ya nyama na mizizi ndani ya sufuria. Kila mmoja alitaka baba ya bibi harusi aonje cha kwake, na yeye ameketi katikati ya wanaume na joho lake, amemeza kidonge chake kwa maji dakika ileile. Nilizunguka kama kipa wa timu inayofungwa. Kibuyu hiki nilikipeleka jikoni, kile nikakificha nyuma ya viti, sufuria ya supu nikasema ina moto sana ipoe kwanza. Nilidanganya asubuhi ile kuliko nilivyodanganya mwaka mzima dukani.

Baba Mdogo Lesiamon alinipita. Sijui alipitia wapi. Nilipogeuka alikuwa ameshasimama mbele ya Papa, kibuyu kimefunguliwa, wanaume wa rika wakiwazunguka wote wawili.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya sherehe, "haya nimeyakama mwenyewe. Kunywa, uende kumtoa binti yetu na baraka ya mdogo wako."

Mnafahamu maana yake. Maziwa ya ndugu yako, mbele ya rika lako, asubuhi ya kumtoa binti yako: hayakataliwi. Papa aliyajua hayo kuliko mimi. Nilimwona akipokea kibuyu kwa mikono miwili. Nilimwona akinitafuta kwa macho, kisha akaanza kukiinua.

Nilikuwa mbali. Nilianza kupiga hatua na mdomo wangu ulikuwa umeshajaa maneno ambayo yangeharibu harusi na ukoo kwa pamoja. Lakini mtu aliyevaa shanga zake zote, shingoni na masikioni, alinikata njia akaingia katikati ya wanaume wale bila kuomba ruhusa. Yeyo alimwondolea Papa kibuyu mikononi.

Mke hafanyi hivyo.

"Ruth," Lesiamon akasema taratibu, "unamkatalia ndugu yangu maziwa yangu?"

"Ni mimi nimekataa, si yeye," mama yangu akasema. Hakuishusha sauti. "Mnajua vile nimemtunza huyu mtu. Hakuna siku alikosa maziwa kwa nyumba yangu. Na hiyo maziwa ndiyo ilikuwa inazuia dawa yake kuingia kichwani. Mimi mwenyewe nilikuwa naizuia, kwa heshima, bila kujua. Leo sitamzuia tena. Akimtoa Seleyian, akirudi hapa, nitamnywesha maziwa yako kwanza kabla ya ya mtu yeyote. Sasa hivi ni maji."

Lesiamon aliangalia kibuyu chake, akamwangalia ndugu yake. Wazee walitazamana. Aliyesema kwanza ni Katoo, mwenzake Papa wa tangu ujana, mzee mwenye meno machache na utani mwingi.

"Tulipokuwa morani," Katoo akasema, "nani hapa alikunywa maziwa peke yake bila mwenzake?"

"Hakuna," wakajibu.

"Basi kama Parmuat ni maji, sisi wote ni maji. Ruth, lete dumu. Na huyu mrefu wa suti apewe pia."

Wakacheka, Lesiamon wa kwanza, tena kwa nguvu kuliko wote. Nilileta dumu mimi mwenyewe, na asubuhi ya harusi ya dada yangu, kwenye boma lenye maziwa ya kuogea, wazee wa rika zima walikunywa maji matupu vikombe kwa vikombe, wakitakiana heri kana kwamba ni pombe ya asali. Nilimshika Yeyo mkono. Ulikuwa baridi kama chuma. "Umeona?" akaniuliza. "Nimeona, mama," nikasema.

Kanisa letu lilikuwa limejaa hadi nje. Mimi nilisimama karibu na mlango. Daktari Ndeti alikuwa amekuja, amekaa nyuma kabisa na kitenge chake kipya, anauma kucha kama mtahiniwa. Kwaya ilianza. Seleyian akaingia na weupe wa gauni lake na wekundu wa shanga zake, mkono wake ndani ya mkono wa baba yetu.

Hatua ya kwanza, ya pili, miguu inainuka vizuri, fimbo inagusa sakafu kwa adabu. Kisha, hatua chache tu ndani ya mlango, Papa akasimama.

Kwaya iliyumba. Nilimwona Lesiamon kule mbele akiinuka nusu kwenye kiti chake, uso umemsawijika. Seleyian hakushtuka, alisimama naye kama alivyoahidi, akitazama mbele. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo si ya kanisani.

Papa aligeuza kichwa polepole kushoto, akawatazama watu. Akageuza kulia, akawatazama. Alikagua kanisa zima kama alivyokuwa anakagua soko kabla ya kufungua mnada, na hapo nikaelewa kwamba hajaganda. Alikuwa amesimama kwa hiari yake, kwa sababu alitaka wamwone. Aliporidhika, alimwambia Seleyian neno, Seleyian akacheka, wakaendelea mpaka mbele. Lesiamon akarudi kitini akifuta machozi kwa mkono wa suti.

Mchungaji Mureithi alikohoa kidogo. "Nani anamtoa binti huyu aolewe na mwanamume huyu?"

"Mimi!" Papa akasema. "Parmuat! Baba yake!"

Ilikuwa ile sauti. Sauti ya langoni, ya Bisil, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka. Ilipita juu ya vichwa vyetu ikatoka nje mlangoni, na waliokosa nafasi ndani wakaijibu kwa shangwe kabla hata sisi tuliokuwa ndani hatujakusanya akili. Kina mama wakainuka na vigelegele, Katoo akapiga fimbo sakafuni, daktari Ndeti akajifunika uso kwa kitenge. Mchungaji Mureithi alibaki mdomo wazi, kitabu kimefunguka mikononi, amepotelewa na mstari.

Baba yangu alimngojea kidogo, kisha akamwinamia.

"Endelea tu, Pasta," akamwambia, na kanisa zima likasikia. "Mimi niko sawa kusimama."